Shangazi, siku hizi hata kandambili za jirani yangu zinanikera

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 28. Nimepanga chumba kimoja Tandika, Dar es Salaam, katika nyumba yenye wapangaji sita, choo kimoja na mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Nauza katika duka la dawa na hurudi nyumbani saa tano usiku. Mama wa chumba kinachotazamana na changu, ambaye kwa umri ni kama mama yangu mdogo, huamka saa kumi na moja alfajiri kukaanga vitumbua vya biashara uani, na papo hapo hufungulia sabufa. Huongea na simu kwa spika koridoni hadi nyumba nzima ijue habari za ukoo wao. Huchukua ndoo yangu bila kuomba na kuirudisha ikiwa na mabaki ya unga wa mchele. Muziki wake unamaliza umeme, tena ana friji la kugandishia barafu za kuuza, lakini hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi kama sisi wengine, tena kwa kuchelewa. Mimi ndiye ninayenunua umeme kila tarehe moja na kukatwa kodi ya jengo, na hakuna anayenifidia. Nimemrushia vijembe kwenye status ya WhatsApp. Nikaanika mbele ya mlango wake kanga iliyoandikwa 'Hasidi hana sababu'. Akaniuliza nimeinunua wapi, maana ameipenda. Sasa nimeacha hata kumwamkia. Imefika mahali nikisikia kandambili zake moyo unanienda mbio, na ninapochemsha maji ya kuoga kwa jagi langu la umeme, asubuhi na usiku, najifungia nisimwone. Nihame, au siku moja nimtolee uvivu mbele ya watu wote?" — Mwenye Kero, Tandika

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeeleza kila kitu isipokuwa siku uliyomwambia mama huyo kwamba unakerwa, na nadhani haikueleza kwa sababu siku hiyo haijakuwepo. Umewaambia watu wa WhatsApp, umeiambia kamba ya kuanikia nguo, na sasa umeniambia mimi. Aliyebaki ni yeye peke yake. Kesi umeifungua moyoni, ushahidi umeukusanya, hukumu nayo umekwisha kuitoa, ilhali mshtakiwa yuko uani anageuza vitumbua bila kujua kwamba ameshtakiwa.

Nilicheka niliposoma habari ya kanga, na naomba usikasirike. Kijembe humchoma mtu anayejua kwamba ana ugomvi na wewe. Wanawake wa pwani wanaojibizana kwa majina ya kanga huwa wamekwisha kugombana kwa sababu wanayoifahamu wote wawili, na kanga huja kuutia chumvi ugomvi ambao tayari uko mezani. Mama huyu hana habari ya ugomvi wowote. Kwa upande wake anafanya biashara yake, anasikiliza muziki wake wa asubuhi, na ana jirani kijana ambaye ana macho ya kuchagua kanga. Swali alilokuuliza lilikuwa la urafiki kabisa, nawe ukalihesabu kuwa dharau ya ziada.

Jambo ambalo bila shaka amelihisi ni kukatika kwa shikamoo. Hapo, mwanangu, sikuungi mkono hata kidogo. Mtu wa umri wake anapopitwa koridoni na kijana wa nyumba moja bila kuamkiwa, hawezi kudhani kwamba tatizo ni sabufa; atadhani amedharauliwa kwa sababu anauza vitumbua na wewe unavaa koti jeupe la dukani. Kwa hiyo umemfanyia kosa la wazi, naye amekufanyia makosa ambayo hajui kuwa ni makosa, na mbele ya wazee wowote utakaowaita kuwaamua, wewe ndiye utakayeanza kuulizwa. Irudishe salamu kuanzia kesho, uitoe siku tatu au nne mfululizo, na usiifungamanishe na dai lolote. Akishangaa, mwache ashangae.

Sasa tuzichambue kero zenyewe, kwa maana umezifunga katika furushi moja na ndiyo sababu zimekuwa nzito. Kandambili hazina kosa. Mtu aliyekwisha kumkasirikia mwenzake husikia kila kinachotoka kwake: anavyokohoa, anavyoburuta kiti, anavyomwaga maji. Jambo hilo litapungua lenyewe mengine yakipungua, na halina sababu ya kutajwa kwake, kwani hakuna mtu anayeweza kutakiwa aombe msamaha kwa ajili ya miguu yake. Simu ya spika nayo nakushauri uiache. Ni tabia mbaya, nakubali, na imeenea kuanzia kwenye daladala mpaka kwenye foleni za hospitali, lakini ni ya mchana na haikutoi fedha wala usingizi. Kila mtu ana watu wa namna hiyo wa kuwavumilia. Mimi siwapendi wale wanaosema "niko njiani" ilhali bado wanatafuta sabuni ya kuoga, na baadhi yao ni marafiki zangu wa miaka mingi. Ndoo iweke chumbani, na akiiomba, mpe.

Zinabaki mbili, umeme na usingizi, na hizo ni haki yako kuzidai.

Katika umeme una haki, ila umeikamata sabufa, nayo siyo mwizi. Kwa bei ambayo nyumba nyingi za wapangaji hulipa, uniti moja ni shilingi 292, na ukiongeza VAT pamoja na tozo za EWURA (wasimamizi wa huduma za nishati na maji) na REA (wakala wa nishati vijijini) inafika takriban shilingi 350 na ushei. Ndiyo maana shilingi 10,000 huleta uniti 28 hivi. Ile bei nafuu ya shilingi 100 ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na ninyi sita mkichanga 5,000 kila mmoja mnanunua uniti zinazopita hapo, kwa hiyo kuishi kwa mita moja kunawagharimu nyote kabla hata hamjaanza kulaumiana. Sabufa ya kawaida hula wati chache kama feni. Ikiimba kwa muda wa saa nne, haitafikisha shilingi 100 kwa siku. Friji ndilo lenye hesabu kubwa. Friji dogo la zamani linaweza kumaliza uniti moja kwa siku au zaidi, na linapogandisha barafu za kuuza hufunguliwa kila mara na kujazwa maji ya vuguvugu, jambo linalolifanya lifanye kazi mfululizo. Hiyo ni zaidi ya shilingi 10,000 kwa mwezi kutoka chumba kinachochangia 5,000, tena kwa kazi inayomwingizia fedha. Dai lako hapo ni halali.

Lakini umenitajia kwa kupita tu lile jagi lako la umeme, na mimi sikulipita. Majagi matatu ya maji yanayochemka, ukiyajumlisha ya asubuhi na ya usiku, hufika karibu nusu uniti kwa siku. Kwa mwezi ni shilingi 5,000 na zaidi kidogo, yaani jagi peke yake linameza mchango wako wote, na taa, feni na chaji ya simu yako vinalipwa na wenzako, akiwemo yeye ambaye sijaona uliposema kwamba anaoga maji ya moto. Usiende kudai hesabu ya friji la mtu kabla hujawa tayari kuitaja ya jagi lako, kwa sababu katika nyumba ya wapangaji sita yupo atakayelitaja kwa niaba yako.

Hivyo jambo la umeme usilipeleke kwake peke yake, maana litageuka kuwa ugomvi wa wanawake wawili na wengine wanne watakaa pembeni kutazama. Liombee kikao cha wapangaji wote, mwenye nyumba akiwepo au akiwa na taarifa. Pendekeza kwamba kila chumba kitoe kiasi cha msingi kinachofanana, kisha mwenye friji, mwenye jagi, mwenye pasi ya kila siku na mwenye jiko la umeme waongeze kulingana na vyombo vyao, na fedha zikusanywe kabla ya mwisho wa mwezi. Kama mwenye nyumba atakubali kufunga mita ndogo za kusoma matumizi ya kila chumba, vizuri zaidi. Hesabu itasomwa na kila mtu na hakuna atakayemtuhumu mwenzake. Kuhusu kodi ya jengo, hilo halimhusu jirani yako hata kwa mbali. Tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, ambayo humwangukia anayenunua umeme wa kwanza katika mwezi huo. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo. Zihifadhi zile jumbe za tokeni zinazoonyesha makato, uzipeleke kwa mwenye nyumba, na umwombe akupunguzie kiasi hicho kwenye kodi ya chumba. Kwa mwaka mzima ni shilingi 18,000, nazo zimekuwa zikitoka mfukoni mwako huku ukimchukia mtu mwingine kabisa.

Usingizi ndio wa kuzungumza naye ana kwa ana. Chagua siku yako ya mapumziko, jioni, wakati biashara yake imekwisha na anachambua mchele wa kuloweka kwa ajili ya kesho. Usimwendee alfajiri ukiwa na hasira ya kuamshwa, usimtumie ujumbe, na wazo lako la kumtolea uvivu mbele ya watu liondoe kabisa, kwa maana mtu mzima akiaibishwa mbele ya wapangaji wenzake hatasikia ombi, atasikia aibu tu, na kesho yake sabufa itapanda juu zaidi. Vuta kigoda, msaidie kuchambua, kisha useme jambo moja tu: "Mama, naomba nikuambie jambo. Mimi hurudi kazini saa tano, na mpaka nioge na kula nalala karibu saa saba. Muziki wa alfajiri unaniamsha usingizi ukiwa haujanitosha, na kutwa nzima nashinda nimechoka. Nakuomba uuweke chini mpaka saa moja asubuhi, au usikilize kwa simu ukiwa huko uani." Ukimaliza, nyamaza. Usiongeze habari ya ndoo, wala ya friji, wala ya spika, hata kama ulimi unakuwasha, kwa sababu mtu anayeletewa ombi moja huweza kulikubali, lakini anayeletewa orodha hujitetea.

Ujiandae pia kusikia ya kwako. Mtu anayeamka saa kumi na moja analala mapema, na mwenzake anayerudi saa tano hufungua geti la chuma, huvuta komeo, huwasha taa ya koridoni na kuoga katika bafu lililo karibu na dirisha la mtu. Sijui kama wewe ndivyo ulivyo, lakini nisingeshangaa kusikia kwamba naye ana kandambili zako za kulalamikia. Akilitaja, usijitetee, lipokee, na mbadilishane, yeye akupe alfajiri na wewe umpe usiku.

Akikataa, au akikubali kisha akarudia baada ya wiki, mkumbushe mara moja kwa upole, halafu mpelekee mwenye nyumba, na ikishindikana hapo muende kwa mjumbe au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambao kesi za namna hii wanazifahamu kuliko unavyodhani. Zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mamlaka ya mazingira (NEMC) huzitumia mara nyingi kwa wenye baa na kumbi za starehe. Kuziita kwa sababu ya sabufa ya mama wa vitumbua kabla hujaongea naye kungekuwa ni kujidhalilisha.

Kuhama si dhambi, ila lihesabu kwanza. Chumba kipya kitakudai kodi ya miezi mitatu, mara nyingine sita, kwa mkupuo, dalali atataka ya mwezi mmoja juu yake, bado hujalipa gari la kubebea vyombo. Na yote hayo ni kwa ajili ya kumkwepa mtu ambaye huenda ombi la dakika tano lingemtosha. Kama utakuwa umeongea naye, umefanya kikao, wazee wa mtaa wamesikiliza, na bado huna usingizi, hapo hama kwa amani na nitakuunga mkono. Chumba hicho kipya nenda kakitazame usiku na pia alfajiri, usiridhike na ile saa nane ya mchana ambayo madalali hupenda kuwapelekea watu, na kabla hujatoa fedha uliza mambo mawili: kama kila chumba kina LUKU yake, na ni nani hukatwa kodi ya jengo.