Kumfukuza kocha hakutaiponya hiyo timu

Mkuu pole sana, umeuliza kama timu yako ya NBA (ligi ya kikapu Marekani) ikimtimua tena kocha itapona au uachane nayo kabisa. Kocha muache kwanza, angalia ofisini nani anaamua. Tajiri mwenye timu akianza kuchagua wachezaji mwenyewe, meneja mkuu anabaki kupiga saini tu, mambo yakiharibika jumba bovu linamwangukia kocha.

Cheki Brooklyn Nets 2013, walitaka ubingwa fasta wakawabeba mastaa wa Boston, Garnett na Pierce, ambao umri ushawatupa mkono, wakawaachia Boston machaguo yao ya raundi ya kwanza ya drafti (zamu ya kuchagua wachezaji wapya, timu inayofungwa sana ndo ina nafasi kubwa ya kuchagua mapema) ya 2014, 2016 na 2018, plus haki ya kubadilishana nafasi 2017. Ile ya 2016 ndo ikawapa Boston Jaylen Brown, ya 2017 ikawafikisha kwa Tatum, wote wakawa mastaa, yaani Nets wanafungwa kila siku halafu hata faida ya kufungwa anakula mwingine, inauma balaa.

Dallas nao wakamuuza staa wao Doncic Februari 2025, Novemba ya mwaka huohuo meneja mkuu Nico Harrison akatimuliwa, ila Doncic ndo kashaenda Lakers.

So we angalia kama machaguo ya drafti ya miaka ya mbele bado wanayo, wazee wenye mikataba minene wako wangapi, na meneja mkuu anaachwa afanye kazi hata misimu mitatu minne au kila mwaka sura mpya. Kama drafti zipo, vumilia, watazame madogo wanavyokua. Kama zimeshauzwa na maamuzi bado ni ya tajiri yuleyule, mi ningecheki mechi za wengine kwanza, jezi endelea tu kuvaa.