Kabla hujaandika ukurasa wa maswali, kaa dukani siku mbili

Ukurasa wangu wa kwanza wa maswali na majibu niliuandikia tovuti ya duka la asali hapa Tabora mjini. Ulikuwa na maswali 18. Niliyatunga usiku mmoja nikiwa chumbani kwangu Isevya, bila kumwuliza mtu yeyote: "Kwa nini uchague asali yetu?" "Dira yetu ni ipi?" "Je, tunajali ubora?" Nilipomsomea mwenye duka, mama mtu mzima aliyeanza kuuza asali kwenye chupa za maji kabla hajapata fremu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, tangu nianze biashara hii hakuna aliyewahi kuniuliza dira."

Nikajiambia mama huyu mambo ya mtandao hayajui. Miezi miwili ikapita bila ukurasa ule kuleta hata mteja mmoja, nami nikarudi kwake na daftari mkononi.

Wewe unayeanza kazi hii, anza na hilo daftari. Kaa dukani siku mbili, moja iwe Jumamosi, uandike kila swali kama lilivyotoka mdomoni mwa mteja. Usilisafishe. Halafu mwombe mwenye duka akuonyeshe yanayoulizwa kwenye WhatsApp. Majina na namba za watu hayakuhusu, chukua maswali tu. Na zile sauti za dakika mbili usiziruke, kwa sababu humo ndimo mteja hueleza kinachomtia wasiwasi.

Mimi nilitoka na haya: "Lita moja bei gani?" "Mnatuma mikoani?" "Hii orijino kweli?" "Mbona imeganda, mmetia sukari?" "Ya nyuki wadogo ipo?" "Ndoo ya lita 20 ni kilo ngapi?"

Hilo la ndoo nililiona la kipuuzi. Kumbe mnunuzi wa jumla huwaza mzigo wake kwa kilo, na huko aendako pengine atauza kwa kilo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni takriban kilo 28, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Tuliandika mistari miwili tu kuhusu hilo, na mteja wa kwanza kutuambia "nimewaona Google" alikuja kwa mistari hiyo.

Sababu yake si uchawi. Mtu anapoandika swali kwenye simu, Google hutafuta ukurasa unaolijibu swali lile, na Mswahili haandiki "uthibitisho wa uhalisi wa asali". Anaandika "asali orijino inajulikanaje". Kwa hiyo kichwa cha swali kiwe na maneno yake. Ukitaka neno "halisi" liwemo pia, litie ndani ya jibu, mara moja inatosha. Kurasa za "asali Tabora asali bora Tabora nunua asali Tabora" nimeziandika mimi mwenyewe, na hadi leo nikizikumbuka naona haya. Tena Kiswahili kinatupa nafasi nzuri. Kwa Kiingereza swali la asali kuganda limejibiwa na tovuti za dunia nzima. Kwa Kiswahili majibu ni machache, na mengi yamenakiliwa kutoka tovuti nyingine.

Sasa jibu lenyewe. Nilipolijibu swali la kuganda mara ya kwanza, nilianza na umuhimu wa asali kwa binadamu tangu enzi za mababu. Mteja amesimama juani, bando linakaribia kuisha, nami namsimulia mababu! Siku hizi naandika hivi:

"Hapana, kuganda si dalili kwamba tumetia sukari. Asali kwa asili ina sukari mbili kuu, glukosi na fruktosi. Glukosi hujitenga na kufanya chenga, hasa wakati wa baridi. Tia chupa kwenye maji ya uvuguvugu yasiyounguza mkono, itayeyuka. Usiichemshe."

Neno la kwanza ndilo jibu. Anayetaka sababu ataendelea kusoma, na asiyetaka ameshapata alichokuja kutafuta.

Kwenye swali la "Hii orijino kweli?" nilitofautiana na mama. Alitaka tuandike kwamba asali halisi hujulikana kwa kiberiti: chovya njiti, ikiwaka ni halisi. Hata wateja wenyewe, akasema, wanapenda jaribio hilo. Nikamwambia sharubati nzito ya sukari nayo inaweza kufaulu mtihani huo, na ule wa kumwaga tone kwenye glasi ya maji vilevile. Tulibishana siku nzima. Mwishowe tukaandika anachokijua yeye ambacho tovuti nyingine haziwezi kunakili: asali imerinwa Sikonge, kwenye misitu ya miombo, ameinunua kwa warinaji anaowafahamu, na huipima kiasi cha maji kwa kifaa kidogo alicho nacho dukani, kwa kuwa kiwango cha kimataifa hakitaki maji yazidi asilimia 20. Tukamalizia: "Karibu uone ikipimwa."

Tuliongeza pia kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwa sababu inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo lake haliwezi kuvihimili. Mama aliogopa kwamba tunafukuza wateja. Mpaka sasa sijaona aliyekimbia.

Kuhusu ufundi sina mengi. Kuna msimbo maalumu unaowekwa ndani ya ukurasa kuiambia mashine "hili ni swali, hili ni jibu lake". Tangu 2019 Google ilikuwa ikiyaonyesha maswali hayo chini ya jina la tovuti, na tovuti ikajitanua kwenye matokeo. Agosti 2023 ilitangaza kwamba nafasi hiyo itazibakishia tu tovuti za serikali na za afya zenye jina kubwa. Kwa hiyo fundi akikuomba hela nyingi akuwekee msimbo huo ili duka lako "lipande juu", mnunulie chai muagane. Hela hiyo ilipie picha nzuri za duka. Ila bei usiiweke ndani ya picha. Bango la WhatsApp lenye maua na maandishi ya dhahabu ni zuri kwenye stetasi. Kwenye tovuti, andika bei kwa maandishi ya kawaida.

Bei hiyohiyo ndiyo iliyonitia aibu. Niliiandika bila tarehe. Asali ikapanda, hakuna aliyenikumbusha, na mteja akafunga safari kutoka Nzega akaingia dukani na simu wazi. Mama alimuuzia kwa bei ya zamani, akala hasara, kisha akanipigia. Hakufoka, na ndiyo maana iliniuma. Sasa kila bei ina mwezi na mwaka pembeni yake, na kila tarehe mosi namtumia ujumbe: "Shikamoo mama, bei ni zilezile?"

Jambo jingine wageni hulisahau: Tabora ni mji na ni mkoa. Aliyeko Urambo akisoma "tupo Tabora" hajaambiwa kitu. Mwelekeze kama unavyomwelekeza bodaboda: kata, barabara, duka linatazamana na nini. Jina na namba ya simu viwe vilevile kwenye tovuti na kwenye ramani ya Google, ambako kusajili biashara hulipi chochote.

Ukimaliza, usiuache ukurasa ukazeeka. Google Search Console, nayo ya bure, itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea, na kama waliubonyeza au waliupita. Hapo niliona "asali ya nyuki wadogo inauzwa wapi tabora" linatokea mara kwa mara na halibonyezwi. Jibu letu lilikuwa neno moja: "Ipo." Tukalitoa likawa ukurasa wake: nyuki wadogo ni wale wasiouma, asali yao ni nyepesi na ina uchachu kidogo, na kwa kuwa ina maji mengi zaidi huchacha mapema, hivyo usinunue nyingi kuliko unayotumia. Ukurasa huo ndio unaosomwa zaidi leo.

Wiki hii limejitokeza lingine: "asali inapakiwaje kwenye basi isimwagike". Kesho asubuhi napita dukani na daftari, nikamtazame mama anavyofunga mzigo.