Urojo wangu unakuwa maji kabla ya saa mbili usiku, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza urojo jioni hapa Temeke. Naupika saa nane mchana: maji lita tano, unga wa ngano, manjano, embe mbichi na ukwaju, vyote pamoja, nauacha uchemke mpaka ushike, kisha unabaki juu ya mkaa. Saa kumi na moja nikianza kuuza uko sawa kabisa. Ikifika saa mbili usiku umekuwa maji matupu. Nikiongeza unga unafanya madonge na unanuka ubichi. Jirani ananiambia nihamie unga wa muhogo. Je, tatizo ni unga?

JIBU: Marahaba binti yangu. Unga wako hauna kosa. Kinachokuangusha ni ukali wa embe na ukwaju kukaa motoni pamoja na unga muda wote huo.

Ndani ya unga wa ngano mna chembechembe za wanga. Kwenye maji baridi zinazama tu chini ya bakuli. Maji yakifika kama nyuzi 60 za Selsiasi zinaanza kunywa maji na kuvimba, na yakikaribia kuchemka zimevimba hadi zinabanana. Hapo ndipo unasikia mwiko umekuwa mzito mkononi. Sasa asidi ya ukwaju, embe au ndimu, ikisaidiwa na moto, inaikata minyororo ya wanga vipande vipande, na vipande vifupi havina nguvu ya kushika maji. Kwa dakika chache huoni kitu. Kwa saa sita juu ya mkaa, unaona ulichokiona.

Kwa hiyo badilisha mpangilio, vitu viwe vilevile. Embe na ukwaju vichemshe kwenye sufuria yake, ponda, chuja, weka kando. Kwa kila lita ya maji chukua vijiko vikubwa vinne vya unga, vya kusawazisha, visiwe na kilima. Uvuruge kwa maji ya baridi mpaka uwe kama maziwa, upitishe kwenye chujio. Maji ya manjano na chumvi yakichemka, mimina huo uji mwembamba kidogo kidogo huku unakoroga, halafu punguza moto, uchemke taratibu dakika kumi. Dakika hizo usizipunguze, maana ndizo zinazoondoa harufu ya ubichi.

Sufuria hiyo kubwa iache bila ukali wowote, na iwe nzito kuliko unavyotaka, kwa sababu maji ya ukwaju yataipunguza. Wateja wakija, chota lita moja au mbili kwenye sufuria ndogo, tia ukali, ipate moto, uza. Ikiisha, changanya nyingine. Ndimu ikamulie kwenye bakuli la mteja.

Kuna jambo la pili hukuliuliza, lakini nimelikuta kwenye majiko mengi: unaonja vipi? Umewahi kuona uji wa mtoto ulioachwa nusu kikombe na kijiko ndani yake, baada ya muda unakuta maji juu? Ni mate. Yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kazi yake ni kuvunja wanga. Sufuria inayochemka inakiua. Sufuria ya vuguvugu inakipa nafasi nzuri ya kufanya kazi. Mama zetu wanaotia kimea kwenye uji mzito ili ulainike wanatumia kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, ila wao wanakusudia. Wewe tia kidogo kwenye kibakuli, onja humo, na upawa usirudi mdomoni.

Madonge yanatokana na unga mkavu kukutana na maji ya moto. Nje ya donge wanga unavimba papo hapo na kufunga njia, ndani unabaki mkavu. Pasua donge moja kwa kijiko uone: katikati ni unga mweupe mtupu. Kukoroga kwa nguvu hakulisaidii.

Kuhusu muhogo, sikushauri. Wanga wake unang'aa na kuvutika kama kamasi, na ukichemshwa sana hulegea upesi kuliko ngano. Urojo unataka ule mwonekano wa ngano usiong'aa. Wanga wa mahindi, kornflawa ya dukani, unafaa kama huna ngano, lakini weka nusu ya kipimo, kwani una nguvu karibu maradufu.

Na kama leo usiku sufuria imeshalegea na wateja wamesimama, vuruga vijiko viwili vya unga kwa kila lita katika maji baridi, chuja, mimina urojo ukiwa unachemka, uendelee kuchemka dakika tano. Utashika kwa muda wa kumaliza biashara. Usiupime uzito ukiwa unatokota, kwani wanga ukipoa huongeza uzito. Chota kwenye bakuli, ngoja kidogo, ndipo uamue kama unahitaji zaidi.