Bibi Macho Anajibu: Namba Mbili za Jicho Moja

SWALI: Shikamoo Bibi Macho. Nina kijana wa miaka 17, yuko kidato cha tatu. Mwezi wa kwanza alipimwa, tukaambiwa jicho la kulia lina keratokonasi, karatasi ikasema 47.8. Mwezi wa kumi tukampeleka kwingine, ikatoka 49.0. Siku hiyo tulipanda basi la alfajiri, dirisha wazi, vumbi tupu, akafika macho mekundu maana alikuwa akiyafikicha njia nzima. Aliyempima akasema namba imepanda zaidi ya 1 ndani ya mwaka, ugonjwa unakimbia, afanyiwe tiba ya mwanga haraka. Nikipiga hesabu, gharama yake inamaliza mahindi yangu yote ya mwaka huu. Picha za karatasi zote mbili nimekutumia. Niuze?
Mama Chiku, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, Mama Chiku. Picha nimezipata, nikazikuza kwenye simu mpaka macho yangu nayo yakaanza kuuma. Usiuze bado. Ila usikae pia.

Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, unene wake nusu milimita na ushee. Kwa mwenye macho mazima kimebinuka vizuri kama mpira. Keratokonasi hukifanya kiwe chembamba, na pale kilipolegea kinachomoza, mara nyingi chini kidogo ya katikati, kama ncha ya yai. Kadiri kinavyochongoka ndivyo namba inavyopanda. Namba hiyo tunaihesabu kwa dayopta, na watu wengi wako kwenye 43 au 44.

Mezani kwangu kuna kisahani cheusi kilichochorwa duara nyeupe, ndogo ndani ya kubwa, na tundu katikati. Mreno mmoja, Antonio Plácido, ndiye aliyekileta kifaa hiki mwaka 1880. Nakishika mbele ya jicho la mgonjwa, nachungulia tunduni, naziona zile duara zimejichora juu ya konea yake. Jicho likiwa zima zinakaa kwa nafasi, kama viduara vya maji ukidondosha kokoto kwenye ndoo. Likiwa na keratokonasi, zinabanana pale penye kilima, na kwingine zinaachana. Mashine ya kwanza aliyopimwa kijana ni mjukuu wa kisahani hiki: inasoma uso wa mbele tu. Ya pili ina kamera inayozunguka na mwanga mwembamba unaoipasua konea kama kisu kwenye papai, kwa hiyo inapima mbele, nyuma, na unene.

Sasa chukua karatasi zako. Ile 47.8 ya Januari, pembeni yake pameandikwa K2. Hicho ni kipimo cha katikati ya konea, kwa upande uliobinuka zaidi. Ile 49.0 ya Oktoba pembeni yake pameandikwa Kmax, na hiyo ni nukta moja tu, iliyochongoka kuliko zote kwenye konea nzima. Kwa kawaida Kmax huizidi K2, hata kama jicho halijasogea hata kidogo. Wewe unakaa Kibaigwa, mahindi unayajua. Nikikwambia Januari nilibeba gunia, Oktoba nikabeba lumbesa, kwa hiyo shamba langu limezaa zaidi, utanicheka mpaka sokoni wasikie. Haya, tazama upande wa kushoto wa karatasi hiyohiyo ya Oktoba, yale maandishi madogo. K2: 47.6. Iko chini ya ile ya Januari!

Usipige vigelegele. Mashine mbili za aina tofauti hazilinganishwi namba kwa namba, kwa hiyo hata hiyo 47.6 siiapii. Tena kuna kisanduku kidogo kinachoonyesha ubora wa picha, na cha kwenu ni cha njano. Maana yake mashine yenyewe imelalamika: kijana alipepesa, au kope ilifunika, au jicho lilikuwa limekauka. Kwa upepo wetu huu wa Oktoba, na jicho lililofikichwa toka Kibaigwa, mimi ningemwambia akae kivulini kwanza, anywe maji, ndipo apimwe.

Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe nilipokuwa bado mgeni kazini. Fundi cherehani mmoja wa Chang'ombe, hapahapa Dodoma, nilimpima mara moja nikamwambia jicho limeruka dayopta 2. Akalia pale kwenye kiti. Daktari bingwa alipoiona ile karatasi aliuliza neno moja: "Umempima mara ngapi?" Nikarudia mara tatu ndani ya robo saa, mashine ileile, nikapata namba tatu tofauti. Konea iliyochongoka ndivyo ilivyo, na kadiri inavyochongoka ndivyo vipimo vyake vinavyoyumba. Kwa jicho lililoharibika sana, dayopta 1 inaweza kuwa ni kuyumba tu. Tangu siku ile sitoi namba ya keratokonasi kwa kipimo kimoja.

Kwa hiyo mrudishe kwenye mashine ya pili, waambie wapime mara tatu, na kisanduku kisiwe cha njano. Hiyo ndiyo iwe namba yenu ya kuanzia, halafu arudi hapohapo baada ya miezi 3. Unene nao uandikwe. Kwake Oktoba ulikuwa maikroni 465 (maikroni 1,000 ni milimita 1), na konea ya kawaida inakaribia 540.

Hapa lakini nimtetee kidogo aliyekutisha. Kwa umri wa kijana wako ugonjwa huu unaweza kwenda mbio, na wapo mabingwa ambao kwa miaka 17 hawasubiri namba ipande, wanatibu mara tu wanapouthibitisha. Inawezekana amekushauri sawa kwa sababu isiyo sawa. Ndiyo maana nasema usikae: karatasi zote mbili zifike kwa bingwa wa konea mwezi huu, na umwulize kuhusu umri, usiishie kwenye 49.0.

Tiba yenyewe ni matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, ili nyuzi za konea zishikane. Matokeo ya kwanza kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003 kutoka Dresden, Ujerumani. Kazi yake ni kuzuia, hairudishi jicho la zamani, na miwani huenda akaendelea kuhitaji. Njia ya kwanza ya tiba hii hutaka konea ibaki na angalau maikroni 400 baada ya kukwanguliwa ngozi ya juu. Mweleze bingwa akuonyeshe kama kijana anafika. Na akitibiwa, ndani ya mwezi mmoja baada ya tiba Kmax inaweza kupanda kabla ya kuanza kushuka. Asije mtu akakutisha mara ya pili.

Lililo bure ni kufikicha. Aache kabisa! Akiwashwa, abandike kitambaa cha maji baridi. Aleji yake itibiwe hospitali, msinunue matone dukani kwa kubahatisha, maana mengine yana steroidi, na hizo zikitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

SWALI: Nasoma chuo hapa Dodoma, navaa lenzi ngumu kwa ajili ya keratokonasi. Nikienda kupimwa nivue siku ngapi kabla? Bila lenzi sioni ubao.
Msomaji wa Nkuhungu

JIBU: Wiki 2 kwa uchache, na wengine huambiwa zaidi. Lenzi ngumu huikandamiza konea, kama mpira wa soksi unavyoacha alama mguuni, na ukipimwa siku hiyohiyo tutakuwa tunapima alama ya lenzi. Ila usivue zote. Vua ya kulia, baki na ya kushoto, uendelee na vipindi. Wiki 2 zikiisha pima la kulia, rudisha lenzi, ndipo uvue ya kushoto. Utakuja kwetu mara mbili, nauli mara mbili, lakini ubao utauona.