"Hukumu ya kifo" na "adhabu ya kifo": nani kapatia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwenye kundi letu la WhatsApp mmoja kaandika kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya "ilifuta adhabu ya kifo". Watu wakawaka: mahakimu wanatetea wauaji! Mwingine akasema kilichofutwa ni "hukumu ya kifo". Nani kapatia? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyepatia.

Kilichoondolewa Desemba 14, 2017, katika kesi ya Muruatetu, mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, ni ulazima. Awali jaji akishamtia mtu hatiani kwa mauaji hakuwa na la kuchagua, ni kifo tu. Sasa anasikiliza maombi ya mtu yule ya kupunguziwa adhabu, kisha anapima adhabu, na kifo bado kimo mezani. Maneno mawili, "ya lazima", ndiyo yaliyodondoka njiani, na ndiyo yaliyobeba kesi nzima. Hata mahakama za chini zilijichanganya, zikautumia uamuzi ule kwa makosa mengine, hadi Julai 2021 Mahakama ya Juu ilipofafanua kuwa unahusu mauaji peke yake.

Tuje kwenye maneno yenyewe. Hukumu ni uamuzi wa kesi: ana hatia au hana, na kwa nini. Adhabu ni kile anachotwishwa baada ya hapo. Ndiyo maana wakili husema mteja wake "anapinga hukumu na adhabu", vitu viwili. "Adhabu ya kifo" imo kitabuni, inamngoja yeyote. "Hukumu ya kifo" humshukia mtu fulani, siku fulani. Ya mtu huyo ikitenguliwa kwenye rufaa, ile ya kitabuni haitikisiki.

Magazeti nayo yana lao. "Kunyongwa kwa kumuua jirani", kitenzi "ahukumiwa" kimemezwa ili kichwa kienee, na msomaji anadhani kamba ishavutwa. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, Tanzania tangu 1994.

Na hao "mahakimu" wanaolaaniwa? Kesi ya mauaji huamuliwa na jaji, Mahakama Kuu. Ila msicheke sana: Kenya, hakimu wa mahakama ya chini naye anaweza kutoa hukumu ya kifo, kwa wizi wa mabavu. Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha ni jela isiyopungua miaka 30.

Mimi ningeandika: "Mahakama yaondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa wauaji." Ni kirefu, najua, mhariri atakikata, na atakachoanza kukata ni "ulazima".