Mwanangu ana usonji na amepata vyuo viwili. Aende kipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 19, tuko Kasulu, Kigoma. Alithibitishwa Muhimbili kuwa na usonji akiwa na miaka saba. Form Six amesoma PCM, shule ya bweni, amepata daraja la pili. Amechaguliwa vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Dodoma, sayansi ya kompyuta, na Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, jiomatiki, yaani upimaji na ramani. Mjomba wake anasema Dodoma, maana watoto hawa ni wa kompyuta. Mwalimu wake anasema Dar, atachangamka akichanganyika na watu. Kuna daktari wa tiba mbadala anasema tumpe kwanza dozi ya wiki sita ya kutoa sumu ya chanjo mwilini, ili akiripoti awe sawa. Na kijana wa steshenari aliyemjazia maombi ametushauri tusiandike popote kwamba ana usonji, atakataliwa. Mwenyewe haongei sana, anashinda anachora ramani za Ziwa Tanganyika. Tumebakiwa na siku chache za kuthibitisha. Nimpeleke wapi?

JIBU: Dada yangu wa Kasulu, una washauri wanne na sasa unaongeza wa tano. Hao wanne hata kama hawajuani wamefanya kitu kimoja: kila mmoja anamchagulia chuo kijana mwingine, si huyu wa kwako. Mjomba anamchagulia jiniasi. Mwalimu anamchagulia kijana atakayechangamka. Mwenye dozi anamchagulia kijana aliyepona, na wa steshenari anamchagulia kijana ambaye hajawahi kuwa na usonji. Huyu anayechora ramani za Ziwa hakuna aliyemuuliza. Barua yako yote haina neno lake hata moja.

Hili la "atachangamka" nalisikia kila msimu wa matokeo, hapa Tabora na huko kwenu, na linanichosha kuliko mengine kwa sababu wanaolisema wana nia njema. Usonji si haya za mtoto wa kijijini, kwamba ukimsukuma kwenye watu zinamtoka. Ni namna ubongo wake unavyopokea sauti, mwanga, maneno na mabadiliko, na atazeeka nao. Kumpeleka penye vurugu ili azoee vurugu ni kununua kiatu kidogo ukitegemea mguu utasinyaa. Wapo wanaojikaza, sikatai. Wanaiga, wanacheka wenzao wakicheka, jioni wanarudi chumbani hawana nguvu hata za kuoga. Nyumbani wakipigiwa simu wanajibu "salama tu", mama anamshukuru Mungu kwamba mtoto amechangamka. Semista inaisha, matokeo yanatoka, kijana amedisko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli.

Na hawaangushwi na masomo. Aliyepata daraja la pili kwa PCM kichwa anacho. Shuleni kengele ilimwamsha, kengele ikamlisha, kengele ikamlaza. Chuoni kengele hakuna. Chukua asubuhi moja tu: ratiba inasema DS, somo la maendeleo, saa mbili, ukumbi fulani. Saa moja na nusu CR, kiongozi wa darasa, anatupia ujumbe kwenye grupu la WhatsApp kwamba kipindi kimehamia ukumbi mwingine. Ujumbe unafunikwa na stika, salamu za asubuhi na mtu anayeuza friji ya mtumba. Wenzake hata wasiousoma wanafuata mkumbo. Wa kwako anafika pale palipoandikwa, anakuta mlango umefungwa, na anakaa pale mpaka saa nne kwa sababu karatasi ilisema saa mbili hadi saa nne. Siku hiyo kulikuwa na jaribio. Vyuo vyetu vingi vinachukua alama 40 kwenye kazi za muhula na 60 kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, kwa hiyo asubuhi mbili au tatu za namna hiyo zinatosha kumwangusha mtu anayelijua somo kuliko waliolifaulu.

Basi usiniulize chuo kipi ni kizuri. Niulize siku yake ya kawaida itakuwaje: atalala na nani, atakula nini, atatembea umbali gani, nani atamwambia ukumbi umebadilika. Hosteli zetu nyingi ni vyumba vya watu wanne, sita, saa nyingine zaidi, na redio ya mmoja ni redio ya wote. Chakula nacho wazazi wanakidharau sana. Wengi wenye usonji hula vitu vichache tu, na ladha au harufu ikibadilika hawali kabisa, si kwamba wanadeka. Kama wa kwako amezoea ugali wa muhogo na migebuka ya mama yake, kule atakuta sembe na wali maharage, na kupika chumbani kwa kawaida hakuruhusiwi. Afundishwe kula vitu viwili vya kafteria kuanzia wiki hii, akiwa nyumbani, kabla ya mengine yote.

Tuje kwenye vyuo vyenyewe. Dodoma ni kukubwa mno, ndaki, yaani koleji zake, zimetawanyika vilimani, ila mabweni ni mengi, na kutoka Kigoma mjini ni treni moja tu, mnapita hapa Tabora mnaendelea. Ardhi ni chuo kidogo, jirani na Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu anaweza kukizunguka kwa miguu na kukikariri, ingawa nje ya geti ni Dar ile ile ya honi na mwendokasi. Kwa niliyoyasoma, mimi ningeegemea Ardhi, kwa sharti moja: apate bweni la ndani ya chuo. Akiambiwa apange chumba mtaani na kugombania daladala kila alfajiri, nageuza jibu, aende Dodoma.

Sababu yangu ni zile ramani, ulizozitaja mwishoni kama kasoro. Kitu ambacho kijana mwenye usonji anakipenda kiasi hicho ndicho kitakachomwamsha siku mbaya. Halafu kuna jambo watu hawalifikirii. Kazi za kikundi ndizo zinazowaumiza vijana hawa, maana kikundi cha kawaida ni watu sita wanaobishana nani afanye nini. Kwenye upimaji kila mtu ana nafasi yake: mmoja anasoma mashine, mwingine anasimama na prizimu, kioo kinacholengwa na mashine, wa tatu anaandika. Hakuna haja ya kubahatisha wenzake wanataka nini. Jua litamchoma, ni kweli, kwa hiyo muulize kama anavumilia kofia na kushinda nje.

Kuhusu mjomba, nitasema kidogo. Wenye vipaji vya ajabu miongoni mwa watu wenye usonji ni wachache. Waliobaki ni watu wa kawaida, wengine wanapenda kompyuta, wengine mbuzi. Mpwa wake kama anaipenda kompyuta atamwambia mwenyewe, ila asimuulize kwa mdomo sebuleni watu wakimtazama. Mpe karatasi yenye vyuo viwili, chini ya kila kimoja masomo ya mwaka wa kwanza, aina ya malazi na safari, mwache nayo siku nzima, aandike anachoona.

Usihangaike kupanda treni wiki hii kwenda kukagua. Wakati wa kuthibitisha vyuo vingi viko likizo. Utakuta majani, ndege na mlinzi mpole, utarudi ukisema pametulia. Afadhali mtafute mwanafunzi wa Kigoma aliyeko pale mwaka wa pili, akutumie picha ya ratiba ya mwaka jana na ya kafteria saa saba mchana. Picha hizo zitakwambia zaidi ya tovuti.

Sasa huyu wa steshenari. Amekudanganya. Nafasi za vyuo zinagawiwa kwa ufaulu, na mwanao ameshachaguliwa, hakuna wa kumnyang'anya kwa sababu ya usonji. Haki ya elimu ya watu wenye ulemavu iko kwenye Sheria Namba 9 ya mwaka 2010. Ukificha ndipo unapokosa. Bodi ya Mikopo ina utaratibu wa waombaji wenye ulemavu, na fomu yake inataka uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, kwa hiyo toa zile karatasi za Muhimbili kabatini uzipeleke. Chuoni nako aende ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi wiki ya kwanza. Wanachokifahamu zaidi ni nukta nundu za wasioona na lugha ya alama, hivyo barua inayosema "ana usonji" peke yake haitawasaidia. Iandike hivi: anaelewa maandishi kuliko maagizo ya mdomo, ukumbi ukibadilika atumiwe ujumbe binafsi, aombewe chumba cha watu wachache, mtihani afanyie kwenye chumba tulivu na aongezewe muda, akiziba masikio na kukaa kimya, asiguswe, aachwe dakika chache. Basi, ukurasa usizidi mmoja, na kijana mwenyewe akubali kila mstari, ni mtu mzima huyo.

Na namba ya simu iliyoandikwa kwenye maombi ni ya nani? Nauliza kwa sababu nimewaona wanaoweka namba zao wenyewe. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anathibitisha kimoja tu, kwa msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi. Msimbo ukienda kwa wakala, yeye ndiye mwenye mwanao. Wengine wanadai pesa ndipo wautoe, wengine wanathibitisha wanakotaka wao. Leo hii mdai nywila za akaunti za vyuo vyote viwili, na namba ikiwa si yenu piga ofisi ya udahili ya chuo.

Nimemweka wa dozi mwisho kwa sababu nikianza naye sitamaliza. Hakuna sumu ya chanjo. Uongo kwamba chanjo inaleta usonji ulipata nguvu kwenye makala iliyotoka katika jarida la Lancet, Uingereza, mwaka 1998. Jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na daktari aliyeiongoza akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Dawa za "kutoa madini", ambazo wengine wanaziuza kwa jina la kutoa sumu, zina kazi zake hospitalini, kwa mtu aliyepimwa damu akakutwa na risasi au zebaki. Mwaka 2005, huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alipewa ya namna hiyo kwa dripu, kalisi (madini ya kalsiamu) ikashuka mwilini, moyo ukasimama. Alikufa kwa dawa isiyotibu usonji. Wengine siku hizi wanauza matone ambayo ukiyachunguza ni kemikali ya kupaushia, na mzazi anaambiwa mtoto akiharisha ndiyo sumu inatoka. Zipo dawa halali za kupunguza ghadhabu kali, wasiwasi au kukosa usingizi, zinaandikwa na daktari anayemfuatilia mgonjwa, na hata hizo haziondoi usonji. Mtu yeyote anayekutajia wiki za kupona, awe na koti jeupe, kipindi redioni au Biblia mkononi, anaijua tarehe ya kuripoti chuo na hofu yako. Msimu huu ndio soko lake.

Kama mmeshaanza kumpa, acheni leo. Chukua chupa au pakiti yenyewe, hata kama haina lebo, mpeleke kijana hospitali ya wilaya au ya mkoa, Maweni, waeleze amekunywa kiasi gani na tangu lini, na waombe wampime figo, ini na kalisi.