Idadi ya waliouawa si siri ya vita

Ndugu yangu, wasema tusiulize mambo ya jeshi kwa kuwa ni siri za vita. Mipango ya mapigano sawa, na iwe siri. Lakini idadi ya maiti? Kambi ya jeshi letu la Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab Januari 2016, na miaka ikapita bila serikali kututangazia hesabu kamili ya wanajeshi wetu waliouawa pale. Hata huku Pwani wapo wazazi waliotoa watoto wao jeshini! Ibara ya 35 ya Katiba yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wabunge wetu wa Mombasa wasimame bungeni wadai orodha ya waliouawa, jina kwa jina.